Nyumba ya udongo, chokaa na makuti kwenye mvua za Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa kuifikiria Pemba, ambako kwa mwaka hunyesha karibu milimita 1,900, na sehemu zinazokaribiana nayo kwa mvua na unyevu: Unguja, Mafia na ukanda wa Tanga. Anayejenga Dodoma au Lamu, ambako mvua ni chache, anaweza kulegeza mengi ya humu. Anayejenga Bukoba asilegeze hata moja.

Nyumba ya udongo itahimili kweli masika ya huku?

Itahimili, maadamu maji hayapewi nafasi ya kukaa juu yake. Ukizikagua nyumba za kiambaza (nguzo na fito zilizokandikwa udongo) zilizoanguka, utakuta sababu ni chache na zinajirudia: upenu mfupi, ukuta ulioanzia chini kabisa bila jiwe, paa lililovuja msimu mzima bila kuzibwa, au pipa la maji lililoegemezwa ukutani miaka nenda miaka rudi. Udongo mkavu una nguvu. Udongo uliolowa hadi ndani unarudi kuwa tope, na hakuna ujuzi wa fundi utakaouzuia.

Kwenye kiambaza una faida moja ambayo watu huisahau. Mzigo wa paa unabebwa na nguzo. Udongo umejaza nafasi tu. Kwa hiyo kipande cha ukuta kikimomonyoka, unakikandika upya na paa liko palepale juu. Nyumba ya matofali mabichi haina bahati hiyo, kwa sababu ukuta ndio nguzo. Kwa sehemu yenye mvua kama Pemba, mimi humshauri mtu achague kiambaza kabla ya tofali bichi.

Na mawe na chokaa? Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi ina maandishi ya mwaka 1107. Lakini hata jengo la mawe linakufa likiachiwa maji. Nyumba ya Maajabu pale Forodhani ilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka baada ya uchakavu wa miaka mingi, watu wawili wakapoteza maisha. Uzito wa kuta zile ni mkubwa mno. Maji yakishaingia ndani yake, hatari yake si ya mzaha.

Udongo gani unafaa kukandikia?

Wenyeji wa visiwani tayari wana majina yanayokupa nusu ya jibu. Kinongo, ule mwekundu wenye mchanga kiasi, ndio unaotafutwa. Kinamo ni mzito, unanata, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Huo uchanganye na mchanga au uuache kabisa. Udongo wa mchanga mtupu haushiki fito. Maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, udongo ni haba, na huko ni heri kujenga kwa mawe yenyewe.

Usiamini rangi peke yake. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tikisa sana, kisha iweke pasipoguswa. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja au mbili. Vumbi laini linafuata kwa saa kadhaa. Udongo wa ufinyanzi, ule unaonata, unakaa juu, na pengine utangoja hadi kesho yake maji yaanze kung'aa. Ukiona mchanga umechukua sehemu kama mbili kwa tatu na ufinyanzi kati ya moja ya tano na robo, una udongo mzuri. Halafu kandika kipande cha majaribio cha mita moja kwa mita moja, kiache kikauke kivulini wiki mbili, ukitazame. Nyufa nyembamba kama nywele hazina neno, zitazibwa na mkono wa pili, yaani tabaka la pili. Nyufa pana zinakwambia uongeze mchanga na majani.

Majani ya mpunga yaliyokaushwa na kukatwakatwa ndiyo nyuzi bora tulizonazo Pemba, maana mabonde ya mpunga yako jirani. Changanya udongo na majani, loanisha, ufunike siku kadhaa kabla ya kutumia. Utanuka, na hiyo ni dalili njema: majani yanaanza kulainika na udongo unazidi kunata.

Msingi uinuke kiasi gani kutoka ardhini?

Sentimita 45 ni kiwango cha chini. Sehemu yenye mteremko wa maji au ua wa mchanga mweupe unaorusha matone, nenda hadi 60. Tone la mvua kubwa likipiga ardhi tupu hurukia ukutani kwa urefu unaokaribia goti, na huo ndio mstari ambapo kuta nyingi za udongo huanza kuliwa. Jenga msingi kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, kwa chokaa au kwa saruji, juu yake tandika nailoni nene au paka lami kuzuia unyevu usipande, kisha ndipo kiambaza kianze.

Matumbawe ya baharini yaliyo hai yaache yalipo. Mwamba ule ndio unaovunja mawimbi, na samaki wa mvuvi wa kijijini wanazaa humo.

Kitu kimoja zaidi kuhusu msingi: nguzo. Zamani nguzo zilichimbiwa ardhini, na zile za mikoko zilivumilia. Leo miti mingi tunayonunua haina uwezo huo. Simamisha nguzo juu ya jiwe au ndani ya kiatu cha zege kilichoinuka, ushikilie kwa chuma, usiizike.

Na upenu utoke kiasi gani?

Mita moja kila upande, pungufu isiwe. Upande wa kusini na mashariki, unakotokea upepo wa kusi wakati masika inapopamba moto, ongeza hadi mita 1.2 au weka baraza yenye paa. Baraza ya mbele ya nyumba za Waswahili ni mahali pa kuketi, kupokea wageni na kuchezea bao, na papo hapo ni ngao ya ukuta. Mtu anayeiondoa ili apate chumba kipana zaidi anavua nyumba nguo yake.

Piga hesabu hii. Nyumba yenye paa linalofunika mita 10 kwa 11 inapokea, kwa mvua ya milimita 1,900, zaidi ya lita 200,000 kwa mwaka. Maji yote hayo yanadondoka kwenye mstari mmoja kuzunguka nyumba. Usipoyapa njia, yatajitafutia. Chimba mfereji chini ya mchirizi, ujaze kokoto, uupe mteremko kuelekea mbali na nyumba.

Baba mkwe ananiambia nipige plasta ya saruji nje kote niwe na amani. Ana makosa?

Nia yake ni njema na usimvunjie heshima. Lakini kwa ukuta wa udongo, plasta ya saruji ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko lingine lolote, na linastahili maelezo marefu.

Udongo hupumua. Unapokea unyevu wa usiku na wa mvua, mchana unautoa. Ukipaka saruji ngumu juu yake, njia ya kutoka inazibwa. Saruji nayo haishikani na udongo kwa tabia: udongo hujaa na kunywea, saruji imekakamaa, kwa hiyo baada ya msimu mmoja au miwili panatokea nyufa ndogo. Mvua inapenya kwenye ufa, inakaa nyuma ya plasta, haiwezi kutoka. Kwa nje ukuta unaonekana safi kabisa huku ndani nguzo zinaoza na mchwa wameshapata njia yenye giza na unyevu, wanavyopenda. Siku plasta inapodondoka, inadondoka kama bamba, pamoja na udongo ulioshikamana nayo. Kuna wanaofunga waya wa kuku kwanza ili saruji ishike. Itashika kweli, hadi waya ule uote kutu kwa hewa ya bahari.

Dawa ni plasta ya chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliooshwa, usiwe wa ufukweni wenye chumvi. Ngoja kiambaza kikauke vizuri, wiki nne hadi sita. Kwaruza uso wake uwe na mikwaruzo. Nyunyiza maji, piga mkono wa kwanza mwembamba, uache ushike siku kadhaa, ndipo wa pili. Funika kwa magunia mabichi ili usikauke upesi kwa jua, kwani chokaa inakomaa polepole kwa kuvuta hewa. Ikikaushwa kwa haraka inageuka unga. Juu yake paka chokaa nyepesi ya maji kila mwaka baada ya masika. Ni kazi ya siku chache, na watoto wa nyumbani wanaiweza chini ya mkubwa.

Mwambie baba mkwe kwamba saruji utaitumia, ila kwenye msingi na bafuni. Pengine mtakubaliana.

Chokaa naipata wapi, na inatayarishwaje?

Tanuu za chokaa bado zipo vijijini. Magogo yanapangwa mduara, mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa na kuachwa ufanye kazi yake. Joto likifika karibu nyuzi 900 jiwe linabadilika kuwa chokaa mbichi, nayo ikimwagiwa maji inachemka na kuvunjika yenyewe. Hapo ndipo penye hatari: ikirukia jicho inaweza kukupofusha. Vaa miwani, funika mikono, na usimruhusu mtoto kukaribia shimo.

Chokaa iliyokwisha kuuliwa kwa maji iachwe shimoni ikiwa imefunikwa, miezi mitatu au zaidi. Mafundi wa zamani waliiacha muda mrefu kuliko huo, na ubora wa kazi yao unaonekana Mji Mkongwe. Ukinunua ya mifuko dukani, iloweke angalau siku moja kabla ya kuipiga.

Gharama iliyojificha ni kuni. Tanuu moja inakula magogo mengi, na yakitoka mikokoni tumejenga nyumba kwa kubomoa pwani. Muulize mchomaji kuni zake zinatoka wapi. Wapo wanaotumia minazi iliyozeeka na miembe iliyoanguka. Kwa hao nunua hata kama bei imepanda kidogo.

Boriti za mikoko bado zinaruhusiwa?

Kwa jumla usizihesabu kwenye mpango wako. Tanzania Bara mikoko yote iko ndani ya hifadhi ya serikali na huikati bila kibali. Zanzibar nako inalindwa. Kenya ilisimamisha usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982. Kabla ya hapo, kwa karne kadhaa, majahazi yalipakia boriti za Lamu na za delta ya Rufiji kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako miti ya kuezekea ilikuwa haba. Kipimo cha boriti ndicho kilichopanga hata nyumba zetu: vyumba vya Lamu na Mji Mkongwe ni vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 2.5, kwa sababu hapo ndipo mti ulipoishia.

Mbadala uliopo ni huu. Mvinje unapandwa mashambani Kwale, Kilifi na visiwani, unakua haraka na unanyooka. Udhaifu wake ni mchwa na kuoza ukigusa ardhi, kwa hiyo utie dawa na uuinue juu ya jiwe. Msaji (mti wa tiki) wa mashamba ya Longuza, Muheza, ni mti wa hali ya juu kwa milango na fremu, ila bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Mbao za mnazi mkongwe ni ngumu sana upande wa nje na laini katikati. Mwenye kupasua akuchagulie za nje, na usikubali mchanganyiko. Mkaratusi unafaa kwa makombamoyo (miti ya paa inayoshuka kutoka kileleni) kama umekaushwa vya kutosha, la sivyo unajipinda.

Kama bibi yako aliacha boriti nzuri za mkandaa, aina ya mkoko, kwenye nyumba iliyobomoka, zitunze. Zinaweza kutumika tena, na hazipatikani kirahisi.

Mianzi je?

Inafaa kwa fito, dari, vizuizi vya ndani na upenu. Mwanzi wetu wa pwani, ule mnene wa njano au wa kijani, una wanga mwingi na bungua, wadudu watoboao miti, wanaupenda mno. Kata ulio na umri wa miaka mitatu au zaidi, wakati wa kiangazi, uloweke kwenye maji yanayotembea wiki kadhaa, au uloweke kwenye mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Usipofanya hivyo utaona unga mweupe sakafuni kabla ya mwaka kuisha. Na usiuweke panapopigwa na mvua.

Makuti au bati?

Nyumba ya kuishi familia, mwenye kipato cha kawaida, na hana shamba la minazi: bati. Najua wapo watakaohuzunika. Paa la makuti lililoezekwa vizuri lina ubaridi ambao hakuna bati linaloufikia, na mvua inaposhuka usiku unasikia mnong'ono badala ya ngoma. Lakini linahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na bei ya makuti imepanda kadiri minazi inavyopungua na hoteli zinavyonunua kwa wingi. Paa likichelewa kubadilishwa mwaka mmoja tu, ukuta wa udongo ulio chini yake unaharibika, na hasara ya ukuta ni kubwa kuliko akiba ya paa.

Ukichagua bati, chukua geji 28. Geji 32 ni nyembamba zaidi, na karibu na bahari haichukui muda kuota kutu. Lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki linavumilia chumvi zaidi ya lile la kawaida. Liinue, acha nafasi ya hewa, weka dari ya mbao, mianzi au mikeka, na joto litapungua sana. Bati pia linakuvunia maji ya kunywa, jambo ambalo makuti hayawezi kwa usafi. Wapo wanaoezeka vyumba kwa bati na baraza kwa makuti. Huo ni mpango mzuri na unapendeza.

Ninataka makuti hata hivyo. Niagize mangapi?

Agiza makuti ya viungo, yaliyoshonwa kwenye ufito. Ya kumba ni ya ua na banda. Paa liwe na mteremko wa nyuzi 45. Chini ya hapo maji yanachelewa, makuti yanaota ukungu na kuoza kutoka juu.

Kuti la sentimita 60 likipangwa kwa nafasi ya sentimita 8 kati ya safu na safu, utahitaji kama 21 kwa kila mita ya mraba ya paa. Ile nyumba ya mita 10 kwa 11, kwa mteremko huo, ina paa la karibu mita za mraba 155. Hayo ni makuti 3,250 kabla ya kuhesabu yanapopandana pembeni, kwenye visusi (pande fupi za paa) na kileleni. Ongeza asilimia kumi. Fundi atakayekwambia 1,700 yanatosha anapanga kwa nafasi ya sentimita 15, na hapo ukilala chali utaziona nyota.

Funga kwa kamba za usumba. Misumari karibu na bahari inaota kutu, na kamba inaachia kidogo upepo unaposukuma.

Mchwa nitawadhibiti vipi bila sumu kali?

Kwa kuwaonesha. Mchwa hujenga njia ya udongo ili wasionwe na jua. Juu ya msingi wa mawe ulio wazi njia hiyo utaiona asubuhi ukifagia, na utaivunja. Usirundike kuni, matofali wala maua ukutani. Oili chafu inayopakwa nguzo inasaidia kwa muda, lakini inanuka, inachafua udongo na inawasha moto kirahisi, kwa hiyo siipendi. Dawa ya boraksi ni afadhali kwa miti ya ndani isiyonyeshewa.

Nguo zinaota ukungu kabatini. Tatizo ni udongo?

Kwa kawaida tatizo ni hewa. Nyumba ya saruji iliyofungwa Pemba huota ukungu vilevile. Weka madirisha yanayotazamana, moja upande wa kusi na jingine upande wa kaskazi, ili upepo wa kila msimu upate pa kuingilia na pa kutokea. Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani. Rangi ya mafuta ndani iondoe. Chokaa inaua ukungu na inaacha ukuta upumue.

Uwazi chini ya paa hauleti mbu?

Huleta, na hili ni jambo zito. Mbu wa malaria huingia sana kwa uwazi ule kati ya mtambaapanya (mti unaolala juu ya nguzo za ukuta) na paa. Kuuziba kwa udongo kunapunguza mbu lakini kunaua hewa. Ufunike kwa wavu, wavu huohuo madirishani, na chandarua kitandani kiendelee. Wavu ununuliwe pamoja na makuti au mabati, usiachwe hadi pesa zitakapobaki.

Choo na bafu viwe ndani?

Vinaweza, ila vijenge kwa matofali ya saruji au mawe, pembeni mwa nyumba, vikiwa na ukuta wao wenyewe. Kutumia saruji hapa si kuisaliti nyumba ya asili. Bomba linalovuja kimyakimya ndani ya kiambaza huharibu zaidi ya masika matatu. Mabomba yapite nje yaonekane.

Upepo mkali utaling'oa paa?

Tufani la Aprili 1872 liliangusha mikarafuu ya Unguja kwa maelfu na kuinusuru Pemba kwa sehemu kubwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Hatuko nje ya njia ya dhoruba kama tulivyozoea kujiambia. Funga makombamoyo kwenye mtambaapanya, mtambaapanya kwenye nguzo, nguzo kwenye msingi, mfululizo usiokatika. Paa lenye pande nne, vipaa viwili na visusi viwili, linapitisha upepo vizuri kuliko lenye kuta za pembetatu ncha mbili. Wazee hawakulichagua kwa urembo peke yake. Upenu mrefu nao unashikwa na upepo kwa chini, hivyo uwe na nguzo zake.

Na moto?

Jiko liwe mbali na paa la makuti, ikiwezekana banda lake lenye bati. Nyaya za umeme zipite ndani ya bomba, ziungwe na fundi mwenye leseni. Taa za chemli na makuti havikai pamoja.

Matofali ya kufungamana yanahesabika?

Kwangu yanahesabika. Ni udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono pamoja na saruji kidogo, sehemu moja kwa 12 hadi 18 za udongo kulingana na aina ya udongo, hayachomwi kwa kuni na hayahitaji saruji nyingi kuyaunga. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha utengenezaji wake. Yamwagilie maji na kuyafunika wiki nzima ya kwanza. Mengi yanayovunjika yalianikwa juani siku ileile.

Itanigharimu nusu ya nyumba ya saruji?

Usiahidiwe hivyo. Udongo ni bure, au karibu na bure, lakini mikono mingi inahitajika, miti halali si rahisi, na mafundi wa chokaa wamebaki wachache, wanaojua thamani yao. Msingi na paa, ambavyo havishuki bei sana kwa kubadili ukuta, ndivyo vinavyokula pesa nyingi. Mahali unapookoa kweli ni pale ndugu na majirani wanapokuja kukandika kwa pamoja, na hilo linategemea umeishi nao vipi.

Nianze mwezi gani?

Chimba msingi Juni, masika ikishapungua. Nguzo na paa viwe vimesimama kufikia Agosti. Kiambaza, tofauti na ukuta wa tofali, kinakuruhusu kuezeka kabla ya kukandika, na huu ndio utaratibu ninaousisitiza: paa kwanza, udongo baadaye. Kandika Agosti na Septemba ukiwa kivulini. Vuli ya Oktoba ikikukuta hujamaliza plasta, shusha makuti ya kumba pande zenye mvua, ungoje Januari.

Watu watasema nimejenga nyumba ya maskini.

Watasema. Mwanamke mmoja wa Wete aliniambia mama yake mzazi alilia alipoona nguzo na fito badala ya matofali, akidhani mwanawe amefilisika. Ni maumivu ya kweli, na hayatoki hewani: kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba nyumba ya udongo ni ya muda na ya saruji ndiyo ya kudumu, na wengi wamekulia kwenye viambaza vilivyovuja. Jibu unalo mikononi. Jenga vizuri. Sakafu iliyosawazishwa, ukuta mweupe wa chokaa, mlango wa msaji, baraza pana inayofagiwa kila asubuhi. Nyumba yenye upenu mfupi na udongo unaomomonyoka inawathibitishia wanaodharau, na inawaumiza wote watakaotaka kujenga hivi baada yako.

Nimerithi nyumba ya kiambaza ya bibi. Niibomoe?

Kwanza ipigepige. Gonga kila nguzo kwa kipini cha nyundo, kutoka chini hadi kifuani. Inayolia wazi ni nzima. Inayolia kama gunia imeoza, na mara nyingi imeoza sentimita 30 za chini tu. Paa likiwa halijapinda na nguzo nzima zimezidi nusu, karabati.

Anza na paa, hata kama ukuta ndio unaokuudhi macho. Kisha shughulikia nguzo moja baada ya moja: iegemeze paa kwa mti wa muda, kata sehemu iliyooza, jenga kiatu cha jiwe chini yake hadi pafikie mti mzima, ondoa egemeo, nenda kwenye inayofuata. Usifungue mbili zilizo jirani kwa pamoja. Plasta ya saruji kama ipo ibandue yote, uache ukuta ukauke wazi kiangazi kizima kabla ya kukandika upya. Udongo uliouporomosha usiutupe. Uloweke na majani mapya, utashika.